Fyuzi ya gari ikikatika mara ya pili, mzazi usiiongeze ukubwa

Chukua mfano wa familia moja ya Mbezi, jijini Dar es Salaam. Baba, mama na watoto watatu. Gari lao ni dogo, la mtumba kutoka Japani, na limewapeleka shule, sokoni, kanisani na hata hospitali usiku wa manane. Watoto wanalijua kwa mlio likiwa bado kwenye kona.

Likizo ya Desemba, tundu la kuchomekea chaja ya simu likaacha kufanya kazi na redio ikazima. Mama akampitia fundi wa karibu, yule anayefanya kazi chini ya mwembe kando ya barabara. Fundi akafungua kifuniko chini ya usukani, akachomoa fyuzi ndogo ya bluu, akamwonyesha kiwaya cha ndani kilivyokatika. Akaweka nyingine. Redio ikaimba. Dakika tano, kazi imekwisha, na bei yake haikufika ya soda.

Baada ya siku nne gari lilipita kwenye makorongo ya barabara ya mtaa, redio ikazima tena. Fyuzi nyingine ikawekwa. Wiki haikuisha, ya tatu nayo ikakatika.

“Mama, hizi ndogo hazina nguvu,” fundi akasema. “Ngoja nikuwekee hii ya kijani, hutanisumbua tena.”

“Haina madhara, fundi?”

“Haina shida, mama. Wengi tunawawekea hivyo.”

Fyuzi ya bluu ni ya ampea 15. Ya kijani ni ya ampea 30. Ni kweli mama hakurudi tena kwa fundi. Kwa wiki mbili redio iliimba na simu zilichajiwa, na nyumba nzima ikasahau.

Januari ikafika siku ya kumrudisha binti mkubwa shule ya bweni Morogoro. Tranka liliwekwa nyuma likiwa na kufuli jipya, kwa sababu ufunguo wa lile la zamani ulipotea wakati wa likizo na ikabidi livunjwe. Baba alikuwa kazini, mama ndiye aliyeendesha. Walipopita Mlandizi, mtoto wa mwisho, mwenye miaka mitano, akasema kutoka kiti cha nyuma, “Mama, kunanuka kama bakuli la plastiki likiungua.”

Mama alivuta pumzi, akanusa. Kisha akaona moshi mwembamba ukitoka chini ya dashibodi, karibu na gia. Aliegesha kando, akazima swichi na kuchomoa ufunguo, akawatoa watoto wote hadi kwenye majani mbali na lami. Binti mkubwa ndiye aliyemfungulia mdogo wake mkanda. Moshi ukapungua, ukakoma. Hakuna aliyeumia.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi umeme wa magari. Alipofungua pale katikati alikuta nyaya mbili ambazo ngozi zake za plastiki zilikuwa zimeyeyuka na kugandana, na zulia limebabuka. Ndani ya tundu la chaja, chini kabisa, kulikuwa na ufunguo mdogo wa kufuli la tranka.

Jioni baba alitaka kujua ni mkono wa nani. Haikuchukua muda. Mdogo alikuwa amecheza ndani ya gari siku mama alipokuwa akishusha mizigo, na alikuwa “anawasha gari” kama anavyomwona mama. Baba alikuwa tayari ameinuka kitini. Kilichomzuia ni maneno ya fundi kwenye simu.

“Mzee, shikamoo. Samahani, lakini mtoto msimpige. Ufunguo wake ulikata fyuzi mara tatu, na fyuzi ilifanya kazi yake mara zote tatu. Waya umeanza kuungua siku ilipowekwa ile ya kijani.”

Kauli hiyo ya fundi ina jambo ambalo kila mzazi mwenye gari anapaswa kulijua. Mtoto alifanya kosa la mtoto. Mtu mzima ndiye aliyeondoa kinga.

Fyuzi hukatika kwa sababu gani

Betri ya gari dogo ni ya volti 12. Umeme huo haumpigi mtu kama ule wa nyumbani, na ndiyo maana wengi huudharau. Lakini betri hiyo hiyo huzungusha stata, kazi inayohitaji mamia ya ampea kwa sekunde chache. Nguvu hiyo ikipata njia ya mkato inaweza kuufanya waya mwembamba uwe mwekundu kama kaa la moto.

Umeme wa gari hutoka upande wa chanya wa betri, hupita kwenye waya, hufika kwenye taa, redio au honi, hufanya kazi yake, kisha hurudi upande wa hasi kupitia bodi. Ndiyo, bati la gari lenyewe ndiyo njia ya kurudi. Kwa hiyo waya wowote wenye umeme ukichubuka na kugusa bati, umeme hurudi kwenye betri bila kupita kwenye taa wala redio. Hakuna cha kuupunguza. Hiyo ndiyo shoti.

Tundu la chaja ni mahali rahisi sana pa kupiga shoti. Kitako chake cha katikati ni chanya, na kuta zake za chuma ni hasi. Kati yao kuna nafasi ndogo tu. Ufunguo mdogo, pini ya nywele, kibanio cha karatasi au karatasi ya kung’aa ya chokoleti ikiziba nafasi hiyo, tayari. Na kwa kuwa ufunguo ulikuwa ukichezacheza ndani ya tundu, fyuzi ilikatika tu gari liliporuka kwenye makorongo. Ndiyo maana fundi wa kwanza hakuiona shoti gari likiwa limesimama.

Fyuzi imewekwa kuwa sehemu dhaifu kwa makusudi. Ni kipande cha chuma kinachoyeyuka kabla waya haujapata joto la hatari. Watengenezaji huchagua fyuzi kwa kuangalia unene wa waya. Waya uliokusudiwa fyuzi ya 15 hauwi mnene kwa sababu umewekewa ya 30. Unabaki ule ule, ila sasa hakuna wa kuukatia umeme.

Hesabu yake ni ndogo lakini inatisha. Joto kwenye waya haliongezeki sawa na umeme. Umeme ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Waya uliotulia kwenye ampea 15 ukiachiwa ampea 30 hupata joto mara nne. Nao umelala chini ya zulia, nyuma ya viti vya watoto, kwenye giza ambalo hakuna anayechungulia.

Rangi za fyuzi ambazo mzazi anaweza kuzikariri

Huhitaji kuwa fundi ili ujue kama gari lako limewekewa fyuzi isiyo yake. Fyuzi za kawaida za kuchomeka zina namba juu yake, na rangi zake ni hizi:

Kahawia, ampea 7.5.
Nyekundu, ampea 10.
Bluu, ampea 15.
Njano, ampea 20.
Nyeupe au isiyo na rangi, ampea 25.
Kijani, ampea 30.

Fungua kifuniko cha fyuzi chini ya dashibodi, na kingine chini ya boneti karibu na betri. Nyuma ya kifuniko mara nyingi kuna mchoro unaoonyesha kila fyuzi na ampea zake. Magari mengi ya Japani mchoro huo umeandikwa Kijapani, lakini namba zinasomeka. Piga picha kwa simu yako, kisha linganisha namba ya kwenye mchoro na ya kwenye fyuzi, moja moja. Ni kazi ya robo saa.

Ukikuta namba kubwa kuliko ya mchoro, umekuta alama ya tatizo ambalo mtu aliwahi kulifunika. Huenda ni mmiliki aliyekuuzia, huenda ni fundi wa mwaka juzi. Na ukikuta mahali pa fyuzi pamewekwa kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara, usiliendeshe gari hilo na watoto ndani mpaka limeangaliwa. Waya huo hautakatika, utakaokatika ni mwingine.

Shoti hutokea wapi zaidi

Ufunguo wa mtoto ni njia moja tu. Mafundi umeme hukutana na hizi nyingine mara kwa mara.

Kwanza ni viungo vya tepu. Redio mpya, alamu, kamera ya nyuma, taa za urembo, kifaa cha kufuatilia gari: vyote hivi huongezwa baada ya gari kufika. Fundi mwenye haraka huchuna waya wa gari, huzungushia waya wake na kufunga tepu. Kwa joto la gari lililoanikwa juani Dar es Salaam au Tanga, gundi ya tepu hulainika, tepu hufunguka na waya hubaki uchi.

Pili ni panya. Gari linalolala karibu na banda la kuku, gunia la mahindi au jalala huwavutia. Chini ya boneti kuna joto usiku na kuna mahali pa kujificha. Panya hutafuna nyaya, na mara nyingi dalili ya kwanza ni vinyesi vyake juu ya injini, au makapi ya mahindi ambayo hakuna anayejua yamefikaje hapo.

Tatu ni maji. Mvua za masika zikijaza maeneo kama Jangwani, gari linaweza kuingia maji hadi kwenye viti, likakauka, likawaka na kuonekana zima. Chini ya zulia kuna viungo vya nyaya. Kutu ya kijani huota taratibu kwenye shaba, na hitilafu huanza miezi kadhaa baadaye. Anayenunua gari lililotumika alinyanyue zulia na kunusa. Harufu ya uvundo na alama ya tope chini ya viti zina maana yake.

Nne ni milango. Kati ya mlango na bodi kuna bomba la mpira, na nyaya za vioo, spika na loki hupita humo. Mlango unaofunguliwa na watoto watatu kila asubuhi na kila jioni huzikunja nyaya hizo mara maelfu. Hatimaye moja hukatika au huchubuka. Ukiona kioo kinashuka mlango ukiwa wazi lakini hakishuki ukiwa umefungwa, anza kuangalia hapo. Mlango mkubwa wa nyuma una tatizo hilo hilo.

Tano ni chini ya viti vya mbele. Kiti kinaposogezwa mbele na nyuma kinaweza kuubana waya unaopita chini yake. Vifaa vya kuchezea na chupa zinazosukumwa humo na miguu ya watoto huongeza msukumo.

Sita ni taa zilizozidishwa nguvu. Balbu ya kawaida ya taa ya mbele ni ya wati 55, nayo hutumia karibu ampea 4.6 kwa volti 12. Mbili ni kama ampea 9. Ukiweka za wati 100, moja hutumia ampea 8.3, na mbili ni karibu 17. Hapo fyuzi ya 15 itakatika, na haitakuwa na kosa. Ikiongezwa ukubwa, moto unahamia kwenye swichi ya taa na kwenye soketi za balbu.

Dalili ambazo mzazi asizipuuze

Harufu ya plastiki inayoungua, hata kama imedumu dakika moja tu na kupotea.

Fyuzi ile ile kukatika zaidi ya mara moja.

Swichi, soketi au chaja kuwa ya moto mkononi.

Taa kufifia ukibonyeza honi au ukishusha kioo, au taa ya upande mmoja kuwa hafifu kuliko ya pili.

Taa za dashibodi kuwaka ovyo, au kuonyesha kuelekea kushoto huku wipa ikitetemeka. Hii mara nyingi ni waya wa hasi uliolegea au uliopata kutu pale unapofungwa kwenye bodi.

Betri kufa asubuhi ilhali jana ilikuwa nzima. Kabla ya kununua mpya, mwambie fundi apime umeme unaonyonywa gari likiwa limezimwa na kufungwa. Katika magari mengi usizidi kama ampea 0.05. Ukizidi sana, kuna kitu kinakula betri usiku, na betri mpya nayo itakufa.

Na dalili moja ambayo haiandikwi kwenye kitabu cha gari: mtoto akisema kunanuka. Watoto hukaa nyuma na hawana kazi ya kuendesha, kwa hiyo wakati mwingine pua zao huwahi. Mama wa Mbezi alisimama kwa sababu alimsikiliza mtoto wa miaka mitano. Angeweza kumwambia anyamaze, ni moshi wa malori.

Ufanye nini fyuzi ikikatika

Mara ya kwanza, zima gari, chomoa kilichochomekwa, angalia tundu kwa tochi ya simu, kisha weka fyuzi ya namba ile ile. Fyuzi wakati mwingine hukatika kwa uchakavu tu, au kwa chaja mbovu ya bei rahisi.

Ikikatika mara ya pili, acha kuweka. Kama ni ya redio au tundu la chaja, liache tundu la fyuzi wazi na uendelee na safari zako mpaka umwone fundi. Gari lisilo na redio halijamdhuru mtu. Lakini kama ni fyuzi ya taa za mbele, taa za breki au wipa, gari hilo lisitembee usiku wala kwenye mvua, na lisipakie watoto mpaka litengenezwe.

Usimkubalie anayekwambia “hii ndogo haina nguvu”. Fyuzi haitoi nguvu, inakata tu.

Fundi umeme anayejua kazi utamtambua kwa anavyotafuta. Haanzi kwa kubadilisha fyuzi tena na tena. Huchomeka balbu ya majaribio mahali pa fyuzi. Kukiwa na shoti, balbu huwaka kwa nguvu na kuuzuia umeme usiunguze waya. Kisha huanza kuchomoa kimoja kimoja: redio, tundu la chaja, kifaa cha alamu. Huku akitikisa nyaya. Pale balbu inapozimika au kufifia, amekaribia mahali penye shoti. Kazi hiyo inaweza kuchukua nusu siku, na unalipia muda wake. Ni halali yake.

Waya ulioungua hubadilishwa kwa waya wa unene ule ule, si kwa wa spika uliokuwa karibu. Kiungo hubanwa au huchomelewa kwa risasi, kisha hufunikwa kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Mahali waya unapopita kwenye tundu la bati pawe na mpira wa kuulinda. Mwombe fundi akuonyeshe kabla hajafunga dashibodi, na umwombe akupe vipande vilivyoungua. Kuomba hivyo si kumdharau. Fundi mzuri hufurahi mteja akitaka kuona.

Mambo ambayo usiyaguse mwenyewe

Ukilazimika kufungua betri, toa kwanza upande wa hasi, na ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bati, umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Vua pete na saa ya chuma. Pete ikiunganisha chanya na bodi huwa ya moto kidoleni kabla hujaweza kuivua. Watoto wakae mbali, maana betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche.

Nyaya na viungo vya rangi ya njano ndani ya dashibodi na chini ya viti kwa kawaida ni vya mifuko ya hewa ya usalama. Visichunwe wala kupimwa kwa balbu, kwani mfuko unaweza kufyatuka.

Na kama gari lako ni la haibridi, nyaya nene za rangi ya chungwa hubeba mamia ya volti. Hizo zinaua. Hazina uhusiano na fundi wa chini ya mwembe.

Moshi ukitokea mko safarini

Washa ishara na uegeshe kando, mbali na magari mengine na majani makavu. Zima swichi kabisa. Fahamu kwamba kuzima swichi hakukati kila kitu, kwa kuwa baadhi ya nyaya huchukua umeme moja kwa moja kwenye betri. Kwa hiyo usibaki ndani kungoja uone kama moshi utaisha.

Watoe watoto wote kwa upande usiopitiwa na magari, muende kama mita 30, na mtu mzima au mtoto mkubwa awashike mikono wadogo. Usirudie mkoba, simu wala tranka.

Kama moshi unatoka chini ya boneti, usiifungue wazi. Hewa ikiingia kwa wingi moto hushika. Mtungi wa kuzimia moto wa unga unaweza kusaidia moto ukiwa mdogo, ikiwa tu unajua pini yake ilipo na umekaguliwa. Mtungi uliowekwa chini ya mizigo kwa ajili ya kumwonyesha trafiki hausaidii. Moto ukishakua, liache gari. Kwa Tanzania, namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kuna jambo moja la kufanya mapema, gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Milango ya nyuma ya magari mengi ina loki ya watoto, nayo ikifungwa mlango haufunguki kwa ndani. Ni kinga nzuri barabarani. Lakini siku ya moshi mtoto atavuta mpini na mlango hautafunguka, na kama umeme umekatika hata vioo havitashuka. Mtu mzima lazima afungue kwa nje. Wafundishe watoto hilo. Mkubwa ajue kufungua mkanda wa mdogo wake bila kuona, na wajue kupita kati ya viti kwenda mlango wa mbele. Fanyeni kama mchezo Jumamosi moja, mara mbili tatu. Binti wa Mbezi aliweza kwa sababu ndiye aliyekuwa akimfunga na kumfungua mdogo wake kila siku ya shule.

Mtoto na gari

Mtoto mdogo huiga. Anamwona mama akichomeka ufunguo na gari linawaka, naye anatafuta tundu na ufunguo. Kumpiga kwa hilo hakutamfundisha umeme ni nini. Kutamfundisha kwamba akiona amekosea anyamaze.

Na katika jambo hili, mtoto anayenyamaza ni hatari kuliko aliyechomeka ufunguo. Kama angesema siku ile ile, “Mama, ufunguo wa dada umezama humu,” fyuzi isingekatika hata mara moja, kufuli lisingevunjwa, na safari ya Morogoro ingekuwa ya kawaida. Hakusema kwa sababu aliwasikia nyumba nzima wakiutafuta ufunguo kwa hasira.

Zipo kanuni chache zinazotosha. Mtoto asiachwe ndani ya gari peke yake, hata likiwa limezimwa, hata kwa dakika tano. Kwa jua la Pwani kanuni hiyo ina sababu nyingine nzito zaidi ya nyaya. Tundu la chaja liwe na kifuniko. Chaja isibaki imechomekwa kutwa. Na mtoto aambiwe kwa maneno ya kueleweka kwamba ndani ya tundu lile kuna moto usioonekana, na kwamba akidondosha kitu popote ndani ya gari akiseme, hatapigwa.

Baba wa Mbezi alikaa chini usiku ule. Alimwita mdogo, akamweka kwenye goti, akamuuliza kama kuna kitu kingine alichowahi kukiweka ndani ya gari. Mtoto alimwangalia mama yake kwanza. Kisha akawaongoza wote hadi nje, baba na tochi, dada na pajama, akaonyesha kidole mahali pa kuingizia CD.

Asubuhi fundi alifungua redio. Ndani kulikuwa na vibanio viwili vya nywele, kijiti cha pipi na sarafu ya shilingi 50. Fyuzi iliyowekwa siku hiyo ilikuwa ya bluu.